Adui Nani?

Muhula uliopita, katika semina ya uigizaji wa filamu, kila mmoja wetu alitakiwa kumtaja mwigizaji ambaye angemtumia kueleza maana ya upana katika uigizaji. Wa kwanza alimtaja Christian Bale, kwa jinsi alivyokonda mpaka mbavu zikahesabika kwa ajili ya The Machinist. Wa pili akamtaja Daniel Day-Lewis na kiti cha magurudumu cha My Left Foot. Zamu yangu ilipofika nikasema Amrish Puri.

Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Kilikuwa kicheko cha mtu anayesikia jina la pipi aliyokuwa akinunua shule ya msingi. Mmoja akakodoa macho, akainua kidole, akaunguruma kidogo. Mhadhiri, ambaye ni mtu mwema na simsemi kwa ubaya, akaniambia nitafute mwigizaji mwenye upana zaidi, kwamba huyu nimwache kwa ajili ya wiki ya wahusika hasi. Nikajibu, "Sawa," nikakaa.

Hiyo "sawa" imenikera kwa miezi minne. Haya hapa ndiyo niliyopaswa kuyasema siku ile.

Nimekulia Morogoro, mtaa wenye kibanda umiza kimoja. Mabati juu, pazia jeusi mlangoni, mabenchi, televisheni ya chogo, deki, na feni iliyokuwa ikimpepea mwenye kibanda peke yake. Kiingilio kilikuwa shilingi mia. Anayejua vibanda umiza anajua pia kwamba vina sarufi yake. Kuna steringi na kuna adui. Steringi hafi. Hiyo ni kanuni, na watoto wengi wanaijua kabla hawajajua kusoma. Kwa hiyo hakuna aliyepoteza muda kuuliza steringi atafanya nini. Ataonewa, ataimba, atapigwa mpaka atambae, kisha atainuka. Swali tuliloulizana pale nje, mia ikiwa bado mfukoni, lilikuwa moja tu: adui nani?

Tukiambiwa ni yule mwenye macho, tulilipa. Tukiambiwa ni mtu mwingine tusiyemfahamu, wengine walirudi zao kucheza mpira.

Leo ninasomea shahada ya uzamili, nimesoma nadharia za kutosha kunivuruga usingizi, na bado sijakutana na swali la kihakiki lililo bora kuliko lile. Picha haiwezi kumzidi adui wake. Adui akiwa mwepesi, steringi anapigana na upepo. Watoto wa shilingi mia walilijua hilo. Walijua kwamba kazi ngumu kwenye picha haifanywi na yule aliyechorwa mkubwa kwenye bango.

Tuanze na anayechekwa. Mr. India, 1987, imeongozwa na Shekhar Kapur. Puri ni Mogambo, mtawala wa kisiwa, amevaa wigi na koti la kijeshi lililotariziwa kama zulia la msikitini. Anataka kuimeza India. Sisi hatukusikia Mogambo. Tulisikia Mgambo. Na kwa kuwa mgambo tuliowafahamu ndio waliokuwa wakimwaga nyanya za mama zetu na kuondoka na mizani, jina lilitukaa sawa kabisa; hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Nimekuja kujua baadaye kwamba tulikuwa tumekosea herufi moja.

Watu wanaomwigiza Mogambo kwa kukodoa macho na kupaza sauti wanakosea. Itazameni tena. Mtu yule muda mwingi ameketi. Vidole vyake vyenye pete vinacheza kitini. Kinachotisha ni ile kauli yake maarufu, maneno matatu ya kutangaza kwamba Mogambo amefurahi. Haisemi kwa hasira. Anaisema kama mtu aliyemaliza kula vizuri. Kuna pahala anawaamuru askari wake mwenyewe wajitose kwenye tindikali, nao wanajitosa, naye anafurahi. Waandishi, Salim-Javed, waliandika katuni, na picha yenyewe ni katuni. Puri akaingiza ndani ya katuni hiyo jambo ambalo kila raia wa nchi zetu hizi analifahamu: mkubwa ambaye hana haja ya kukasirika. Hiyo haiitwi kutia chumvi. Chumvi iko kwenye wigi. Mwenye kuvaa wigi ametulia.

Lakini sitaki kushinda hoja hii kwa Mogambo. Nitaishinda kwa mwaka 1995.

Januari ya mwaka ule ilitoka Karan Arjun. Humo Puri ni Durjan Singh, mwenye kuwaua ndugu wawili, Salman Khan na Shah Rukh Khan, kwa sababu ya mali, na mama yao anabaki akimlilia Kali mpaka wanawe wanazaliwa upya kuja kulipa kisasi. Oktoba ya mwaka uleule ikatoka Dilwale Dulhania Le Jayenge. Humo Puri ni Baldev Singh, muuza duka wa Kipunjabi jijini London, baba wa Simran, ambaye ni Kajol. Na kijana asiyetakiwa ni Shah Rukh Khan yuleyule. Yaani ndani ya miezi kumi mtu mmoja alimuua Shah Rukh, kisha akamwachia binti yake.

Na tafadhali angalieni alichotumia. Hakukonda. Hakunenepa. Hakujifungia mwaka mzima akisomea uchuuzi. Sauti ni ileile inayotoka chini ya kitovu, macho ni yaleyale. Zaidi ya hapo, kwa matendo, Baldev anafanya mambo yote ya adui: anamzuia binti, anampangia mume, anamfukuza steringi, anampiga makofi mbele za watu. Ukiandika matendo yake kwenye karatasi bila jina la mwigizaji, utamwita adui bila kusita.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ulipo ushahidi wangu. Pale kibandani hatukujua Kihindi. Mara chache sidii ilikuwa na mtafsiri, yule anayezungumza juu ya kila mtu na kuongeza ya kwake. Mara nyingi hakuwepo. Maandishi ya chini, yakiwepo, yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa cha "good morning teacher". Tuliwasoma watu kwa macho, mabega na mlio wa sauti. Katika Karan Arjun tulimwita adui tangu anaingia. Katika DDLJ, kwa sura ileile, mtu yuleyule tuliyekuwa tumemzomea wiki iliyopita, hakuna hata mmoja aliyemwita adui. Tulimwita mzee. "Mzee anakuja." "Mzee atawakuta." "Mzee kakasirika."

Nani alituambia? Hakuna. Tulimwona mwanzoni kabisa amesimama Trafalgar Square na koti lake, anawatupia njiwa punje huku mawazo yake yako Punjab, na tukajua. Tulikuwa na babu zetu waliotoka Songea na Kigoma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na wakabaki. Tuliyajua yale macho ya mtu ambaye mwili wake uko hapa na nafsi iko alikozaliwa. Watoto thelathini na zaidi wasiojua neno la lugha ile walitofautisha muuaji na baba mkali, na kilichobadilika mbele yao ni namna mtu mmoja anavyotazama. Kama huo si upana, basi neno hilo tulifute kwenye muhtasari wa kozi.

Ninachokipinga ni hiki: tumefundishwa kuupima upana kwa mizani ya bucha. Kilo ngapi zimepungua, meno mangapi yameng'olewa, miezi mingapi mtu amekaa bila kuoga ili amwelewe mhusika. Sisemi kwamba hiyo si kazi. Bale ni mwigizaji hodari na nampenda. Ila hiyo ni njia moja, nayo inapendwa na wahakiki kwa sababu inaelezeka kirahisi kwenye gazeti. Kuna njia nyingine, ya msanii mwenye ala moja. Mpiga zumari wa Pwani hafuati zumari jipya kwa kila harusi. Anayo moja, na kwa hiyo moja anawatoa watu machozi na kuwachezesha usiku huohuo.

Wenzangu walipokuwa wakicheka nilitaka kuwauliza wamemwona Puri wapi, nikaja kuwauliza baadaye kwenye chai. Wengi walikuwa wamemwona katika Indiana Jones and the Temple of Doom ya 1984, ile ya Spielberg, ambamo yeye ni Mola Ram, kuhani anayeng'oa moyo wa mtu kwa mkono. Basi. Hayo ndiyo matokeo ya elimu yetu: tunamhukumu mtu kwa wembamba kupitia nafasi nyembamba kuliko zote alizopewa, na waliompa ni Hollywood. Picha ile iliichora India kama nchi ya kula nyoka na akili za nyani. Ilibidi ipigwe Sri Lanka kwa sababu India haikuwapa nafasi ya kuipiga kwa masharti waliyoyataka. Puri aliicheza kwa bidii, alinyoa kichwa, anatisha kweli. Siitetei picha. Wala simtetei yeye kwa kukubali. Ninachosema ni kwamba miaka miwili kabla ya hapo, mtu huyohuyo alikuwa ndani ya Gandhi ya Richard Attenborough kama Khan, tajiri mfanyabiashara wa Afrika Kusini, mwenye heshima zake, na hakuna aliyekuja darasani akikumbuka hilo.

Na kabla ya yote hayo? Mwaka 1954 alifanyiwa majaribio ya kuwa steringi, akakataliwa. Akaenda kuajiriwa katika shirika la serikali la bima ya wafanyakazi, akakaa huko karibu miaka ishirini, jioni akiigiza jukwaani na kina Satyadev Dubey. Sinema ilipoanza kumwona alikuwa anakaribia miaka 40. Mwaka 1979 akapewa tuzo ya Sangeet Natak Akademi kwa kazi ya jukwaani. Huyu ndiye mnayemwita mtu wa kukodoa macho.

Shyam Benegal alimchukua kutoka huko akamweka katika Nishant, 1975, kisha Manthan, 1976, ile picha ya ushirika wa maziwa ambayo wafugaji laki tano wa Gujarat waliichangia rupia mbili mbili mpaka ikatengenezwa. (Ninapowaza watu wetu wa ushirika wa kahawa na pamba, na jinsi tunavyolia kila mwaka kwamba filamu haina mfadhili, huwa natamani kuibandika habari hiyo mlangoni pa kila ofisi.) Humo Puri ndiye mwenye kiwanda anayewanyonya wafugaji haohao waliolipia picha. Halafu ikaja Bhumika, 1977. Smita Patil ni Usha, mwigizaji aliyechoka na wanaume, anayekwenda kuishi kwa Vinayak Kale, mwenye ardhi, ambaye ni Puri. Kale ni mpole. Ana adabu. Anaongea taratibu, anakula taratibu, anamheshimu mama yake. Na siku moja Usha anagundua kwamba mwanamke hatoki katika nyumba ile. Puri hakupaza sauti. Alibaki mpole, na upole wenyewe ndio kufuli.

Mtu yeyote aliyemwona Kale atamwelewa Mogambo. Ni utulivu uleule umevalishwa wigi. Wahakiki wanaoipa Bhumika nyota na kumcheka Mogambo hawajui kwamba wanamsifu na kumcheka mtu mmoja kwa kitu kimoja. Tofauti ni bei ya tiketi na aina ya watu waliokaa ukumbini. Hapo ndipo ninapokasirika kweli. Kicheko kile cha darasani hakikumhusu Puri, kilikuwa kinatuhusu sisi wa kwenye mabenchi. Kilisema kwamba ukishapanda ngazi hizi za chuo unapaswa kuyaacha macho yako kule chini, uchukue mengine.

Nyingine nitazipitia haraka. Yule mganga wa nyoka wa Nagina anayekuja na zumari kumtoa Sridevi ndani ya ngozi yake. Wakili wa Meri Jung na yule wa Damini, ambao kwao ukweli ni kitu cha kukunjwa na kuwekwa mfukoni. Waziri kiongozi wa Nayak, 2001, anayeingia studio ya televisheni akitabasamu na kutoka akiwa amempa mwandishi wa habari madaraka ya siku moja. Lile tabasamu linavyokauka polepole lingefaa kuonyeshwa kwenye kozi ya sayansi ya siasa. Baba askari wa Ardh Satya, ambaye mkono wake mzito unaonekana ndani ya mwanawe miaka mingi baadaye. Mwana huyo ni Om Puri, hawana undugu. Na Chachi 420 ya 1997, ambamo ni mzee tajiri anayempenda yaya wa mjukuu wake bila kujua kwamba yaya ni mkwewe Kamal Haasan aliyejifunga sari. Sauti ileile ya Mogambo inatongoza! Nilicheka mpaka nikakohoa. Wasiomwona humo wasiniambie habari za upana.

Hata Filmfare, ambao si watu wa kuona mbali siku zote, walimpa tuzo tatu za mwigizaji msaidizi, na mbili kati ya hizo, za Ghatak na Virasat, ni za kuigiza baba.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba nachagua. Ni kweli. Mtu huyu alicheza picha zaidi ya 400, na kati ya hizo ziko nyingi ambazo alikwenda, akasimama, akakodoa, akachukua hela yake akarudi nyumbani. Nimeziona. Zipo ambazo ukibadilisha nguo tu huwezi kujua uko picha gani. Sitasema uongo kumlinda. Ila sokoni ndivyo kulivyo: anayeuza kila siku ana siku za samaki mbichi na siku za samaki wa jana, na hatuhukumu mkono wa mvuvi kwa samaki wa jana.

Jibu gumu zaidi nilipewa na rafiki yangu wa kike, si darasani. Aliniuliza kwa nini nasifu baba ambaye mwisho wa picha ndiye anayeamua. Kwamba DDLJ nzima ni saa tatu za binti kusubiri ruhusa, na Raj anagoma kutoroka naye mpaka mzee akubali, na sisi wote tunapiga makofi mkono unapoachiwa kana kwamba ulikuwa wa mzee tangu mwanzo. Sikuwa na jibu. Bado sina jibu kamili. Picha ile inaamini katika baba kuliko ninavyoamini mimi.

Ila nitazameni pamoja nami pale stesheni. Treni inaanza kuondoka, kijana yuko mlangoni ana damu usoni, binti anajivuta, baba amemshika mkono. Hati ya picha inamtaka awe mwenye busara. Puri haigizi busara. Anaigiza hofu. Ni mtu aliyeshika kitu cha mwisho alichotoka nacho kwao, na anaona wazi kwamba akiendelea kukishika kitafia mkononi. Mwigizaji amekwenda mbele ya picha yake. Ameonyesha kwamba amri yote ile ilikuwa woga tu tangu mwanzo. Miaka sita baadaye, katika Gadar, akarudi kuwa baba mwingine anayemshikilia binti, safari hii meya wa Lahore anayemzuia asirudi kwa mumewe ng'ambo ya mpaka, na mkono haukulegea mapema. Alijua tofauti ya mikono hiyo miwili.

Baba yangu hakupenda picha za Kihindi. Aliziita ujinga wa kulia lia. Mwaka dada alipochaguliwa chuo cha ualimu Mtwara, baba alikataa asiende. Mbali, alisema. Hakuwa na sababu nyingine na hakutafuta nyingine. Nyumbani tulikuwa tumeshapata deki, na jioni moja dada aliiweka DDLJ, nadhani kwa makusudi ingawa mpaka leo anakana. Baba alikuwa anapita kwenda kuangalia kuku. Akasimama mlangoni, taa mkononi, kwa ile sehemu ya stesheni yote. Hakukaa. Ilipoisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya mtu aliyedanganywa:

"Huyu si ndiye Mgambo?"

Nikamwambia ndiye.

Akatikisa kichwa, akaenda kwa kuku wake. Dada alikwenda Mtwara. Sisemi filamu ndiyo iliyompeleka; ada ilitoka kwa baba mdogo, na nadhani hiyo ilikuwa na nguvu zaidi. Nasema tu kwamba baba yangu, aliyeishia darasa la saba, alisimama pale mlangoni na kuuliza swali ambalo semina nzima ya uzamili haikuliuliza: inawezekanaje huyu akawa yule?

Wiki iliyopita nimelirudisha pendekezo langu la tasnifu kwa msimamizi. Nimerekebisha nadharia kama alivyoagiza, nimeongeza kurasa tano za mbinu za utafiti, na marejeleo nimeyapanga kwa alfabeti. Jina la mwigizaji sikulibadilisha.